Moshi wa Mtumba



Wiki mbili zilizopita tulikuwa katika Luka 10, lile swali la mwanasheria: jirani yangu ni nani? Nilihubiri vizuri, ama nilidhani nimehubiri vizuri. Baada ya ibada dada mmoja wa kwaya akaningoja pale chini kwenye ngazi, watu wakishuka kuelekea steji za Tom Mboya, akaniuliza, "Pasta, na kama jirani ni yule anakuvutia sigara dirishani kila usiku? Huyo naye nimfunge vidonda?" Watu wakacheka. Mimi sikucheka sana, kwa sababu hiyo habari niliishi nayo karibu mwaka mzima na sijawahi kuisema madhabahuni. Nikamwahidi nitaandika.

Tunakaa Kangemi, ghorofa ya tatu, sebule na chumba kimoja cha kulala. Wale mnaoishi upande huu wa Waiyaki Way mnajua hizi ploti zilivyojengwa. Nyumba zinazunguka shimo la hewa katikati ya jengo, na madirisha yote ya bafu na jikoni yanatazama hilo shimo. Hapo ndipo unajua nani leo anakaanga samaki na nani amegombana na nani. Hapo pia ndipo moshi ulipokuwa unapitia. Jirani wa chini yetu ni mzee mmoja anayefanya kazi ya ulinzi usiku huko mjini. Anarudi asubuhi, anaoga, anavuta. Siku yake ya mapumziko anavuta kuanzia jioni mpaka saa sita usiku. Moshi haupigi hodi. Ulipanda lile shimo kama umewekewa bomba, ukaingia bafuni, ukafika chumbani, ukakaa kwenye mapazia na kwenye nguo za mtoto.

Binti yetu alikuwa na miaka miwili. Kifua kikaanza kumbana. Tulienda kliniki mara ya kwanza, mara ya pili, na mara ya tatu daktari akauliza, "Nani anavuta sigara hapo nyumbani?" Nikajibu haraka, tena kwa ukali kidogo, "Mimi ni mchungaji." Akaniangalia. "Sijauliza kazi yako," akasema. "Nimeuliza nani anavuta sigara."

Mke wangu ndiye aliyeupa ule moshi jina. Aliuita moshi wa mtumba. Alisema mtumba wa Gikomba angalau unauchagua mwenyewe, unageuza shati, unaangalia kola, unaacha. Huu unavalishwa, na mwenye kuutumia kwanza ni mtu mwingine.

Sasa nitawaambia nilichofanya, na wengine mtajiona humo. Kwanza nilinyamaza, na kunyamaza kwangu nikakuita uvumilivu. Nilijiambia mtumishi wa Mungu hagombani na watu kwa mambo ya sigara. Pili, nilinunua dawa za kunukisha nyumba, basi nyumba ikawa inanuka sigara na limau. Tatu, na hili naona haya kuliandika, nilianza kufanya maombi ya usiku karibu na dirisha la bafu, kwa sauti, nikikemea roho ya nikotini. Wapendwa, maombi yale hayakuwa yanaenda mbinguni. Yalikuwa yanaenda ghorofa ya pili. Nne, nilimwendea keateka, nikamwambia kwa upole amweleze yule mzee. Keateka akafikisha ujumbe kwa lugha yake mwenyewe: "Pasta wa juu anasema unanuka." Kuanzia siku hiyo tukikutana kwenye ngazi, mzee anageuza uso ukutani.

Miezi 11 ilipita hivyo. Mlango wake na wangu umetenganishwa na vidato 16. Nimevihesabu.

Nataka tukae kidogo kwenye lile neno uvumilivu, kwa sababu naona linatumika vibaya kanisani, na mimi nilikuwa wa kwanza kulitumia vibaya. Bwana Yesu alifundisha juu ya kugeuza shavu la pili. Ni kweli, na ni ngumu, na siondoi hata nukta. Lakini shavu alilolitaja ni la yule anayepigwa. Nikikubali kupigwa mimi, hiyo ni sadaka yangu. Nikisimama kando mtoto wa miaka miwili apigwe, halafu niseme ninavumilia, hapo nimetoa sadaka isiyo yangu. Nilikuwa nageuza shavu la binti yangu. Tena nilikuwa najisifu moyoni kwa upole wangu, wakati anayekohoa ni yeye.

Na moshi huu si suala la harufu tu. Sikujua mpaka nilipokaa nikasoma. Mwaka wa 1981 mtafiti Mjapani, Takeshi Hirayama, alichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanawake 91,540 walioolewa, ambao wenyewe hawakuvuta sigara, kwa miaka 14. Aligundua kwamba kadiri waume walivyovuta zaidi, ndivyo wake zao walivyozidi kufa kwa saratani ya mapafu. Hawakuwa wamegusa sigara hata siku moja. Mwaka wa 2006 mkuu wa afya ya umma wa Marekani akatoa ripoti kubwa iliyosema hakuna kiwango cha moshi huo kinachoweza kuitwa salama, na kwamba kutenga wavutaji ndani ya jengo lilelile au kuweka feni hakuondoi hatari. Shirika la Afya Duniani linahesabu vifo zaidi ya milioni moja kila mwaka vya watu wanaovuta moshi wa wengine. Ndani yake kuna kemikali zaidi ya 7,000. Watoto huumia haraka kwa sababu mapafu yao bado yanakua na wanapumua kwa kasi kuliko sisi.

Lakini hata nilipojua haya yote, bado sikushuka vile vidato 16. Kwa nini? Nimejiuliza sana, na jibu nililopata halikunifurahisha.

Kwetu sisi watu wa wokovu, sigara ni alama. Ukimwona mtu na sigara umeshamweka kwenye kundi lake kabla hajafungua mdomo. Mimi nilikuwa nimemwona yule mzee kama mwenye dhambi anayehitaji ujumbe, si kama jirani ninayehitaji kuongea naye. Hebu fikiria: kama angekuwa mzee wa kanisa letu, anawasha jiko la makaa chini ya dirisha langu kila jioni, ningengoja miezi 11? Ningeshuka kesho yake, tungecheka, tungemaliza. Moshi ungekuwa moshi. Kwa huyu, moshi uligeuka kuwa ushahidi wa hali ya nafsi yake, na mimi nikajigeuza mwendesha mashtaka.

Torati haifanyi hivyo. Someni Kutoka 22:6. Mtu amewasha moto, moto ukashika miiba, ukafika kwa mazao ya jirani, aliyeuwasha atalipa. Hakuna mahali Musa anauliza kama aliyewasha ni mtu mwema ama mbaya. Someni tena Kumbukumbu la Torati 22:8, habari ya kujenga ukingo juu ya dari ya nyumba mpya ili mtu asianguke. Nyumba ni yako, dari ni yako, pesa ni zako. Hata hivyo Mungu anakuwekea sharti kwa ajili ya mtu ambaye huenda humjui jina. Nilipokuwa chuoni, nikisomea biashara, tulifundishwa kwamba kuna gharama ambazo haziingii kwenye vitabu vya anayezisababisha, zinaangukia mtu wa nje. Kumbe Torati ilikuwa imeziona zamani.

Sheria ya nchi nayo imeziona. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 inampa kila mtu haki ya kulindwa na moshi wa wengine, na inakataza kuvuta mahali pa umma. Adhabu inaweza kufika shilingi 50,000 ama kifungo cha miezi sita, ama vyote viwili. Ndiyo maana huku katikati ya jiji utaona wavutaji wamejibana kwenye sehemu walizotengewa. Katiba ya 2010 katika kifungo cha 42 inataja haki ya mazingira safi na yenye afya. Katiba hiyohiyo, kifungu cha 31, inalinda faragha ya mtu nyumbani kwake. Kwa hiyo msidhani ni kesi rahisi. Mtu aliye ndani ya nyumba anayoilipia kodi si sawa na mtu aliye kwenye matatu. Ukuta una maana. Shida ni kwamba moshi hausomi mkataba wa nyumba.

Mstari ulionishusha ngazi ni Walawi 19:17. Sote tunajua mstari wa 18, ule wa kumpenda jirani kama nafsi yako. Yesu aliunukuu, tunauandika kwenye kadi. Ule unaoutangulia hatuusomi. Unakataza kumchukia ndugu moyoni, na papo hapo unaagiza umwambie jirani yako waziwazi kosa lake, usije ukabeba dhambi kwa ajili yake. Nikaona mpangilio wake. Kabla ya kupenda kuna kusema. Asiyesema huanza kuchukia, na mimi nilikuwa nimefika huko, nikikemea kupitia dirisha la bafu.

Nilishuka Jumapili alasiri, saa kumi. Sikubeba Biblia. Nilipiga hodi, akafungua, akaniangalia kitambo.

"Karibu, Pasta," akasema. "Nilikuwa nangoja siku utakuja mwenyewe."

Nilikaa. Nikamwambia, "Mzee wangu, nimekosa kumtuma keateka. Ningekuja mimi." Halafu nikamweleza habari ya mtoto, kliniki mara tatu, daktari alivyouliza. Sikutaja wokovu. Nilimwonyesha kwa mkono jinsi dirisha lake na letu yanavyokutana kwenye lile shimo.

Akakaa kimya. Akasema hakujua ya kwamba moshi unapanda mpaka chumbani kwetu. Yeye alidhani unatoka nje kwa sababu kwake hauonekani tena. Alianza kuvuta kazini, akasema, kwa ajili ya baridi na usingizi wa saa tisa usiku, na sasa imekuwa miaka mingi. Kisha akaniuliza kwa heshima kabisa, "Na nyinyi, Pasta, mnajua kelele zenu zinashuka?"

Sikuelewa.

"Mimi natoka kazi saa kumi na mbili asubuhi. Nafika hapa, nalala saa mbili. Jumamosi saa tatu vijana wako wanaanza kinanda na ngoma juu ya kichwa changu. Mpaka saa saba. Nikishindwa kulala nafanya nini? Navuta."

Wapendwa, nilikuwa nimekaa pale kwenye kiti cha mtu, mikono juu ya magoti, sina la kusema. Mazoezi ya timu ya sifa yalikuwa sebuleni kwangu kila Jumamosi. Miezi 11 nimeita moshi wake shambulio la adui, na kumbe sehemu ya moshi wa Jumamosi ilikuwa imewashwa na nyimbo zetu. Nchi hii ina kanuni za kelele za mwaka 2009, na sisi makanisa tunazijua vizuri kwa sababu ni sisi tunaolalamikiwa. Maofisa wakija tunasema ni mateso kwa ajili ya Injili. Mara nyingine ni spika tu.

Hapa nilimkumbuka Ronald Coase, na mnisamehe kwa kuleta darasa la uchumi kanisani. Mwaka 1960 aliandika makala iliyokuja kusomwa na kila mwanafunzi wa biashara, na mwaka 1991 akapewa Tuzo ya Nobel ya uchumi. Alitumia kesi moja ya London ya mwaka 1879. Mtengeneza peremende alikuwa akitwanga kwa vinu vyake miaka mingi bila shida, mpaka jirani yake, daktari, alipojenga chumba cha kuonea wagonjwa karibu na ukuta wa vinu. Daktari akashtaki kelele, akashinda. Coase alisema tunakosea kuuliza tu nani anamuumiza nani, kwa maana madhara yanakwenda pande zote mbili: ukimzuia mmoja umemuumiza yeye ili kumwokoa mwingine. Kama kuelewana hakungekuwa na gharama, alisema, wawili hawa wangekaa chini na kupatana, hata mahakama iamue vipi.

Nilipokuwa chuoni niliona ni hesabu safi. Pale kwenye kiti cha mzee niliona mahali nilipokubaliana naye na mahali nilipomwacha. Ni kweli madhara yalikuwa ya pande mbili, na mimi nilikuwa nimehesabu upande mmoja. Na ni kweli kuelewana kuna gharama. Yangu haikuwa pesa wala wakili, ilikuwa kiburi, na iliniuzia vidato 16 kwa bei ya miezi 11. Lakini sikubali kwamba usingizi wangu, sigara ya mzee na kifua cha mtoto vinaweza kuwekwa kwenye mizani moja kama viazi. Mzee na mimi tunaweza kupatana. Mtoto hana kiti kwenye yale mazungumzo. Yeyote anayepatana kwa niaba ya asiye na sauti hana ruhusa ya kuiuza pumzi yake, hata kwa bei ya amani ya ploti. Nikamwambia mzee hivyo, kwa maneno mafupi zaidi. Akatikisa kichwa, akasema naye ana wajukuu.

Tulikubaliana haya. Yeye atavutia juu kwenye paa, pale tunapoanika nguo, upande usio na kamba. Sisi mazoezi tukahamisha, yakawa kanisani siku ya Jumamosi alasiri, vijana wakalalamikia nauli, tukaelewana. Mke wangu naye, bila kuombwa na mtu, akaondoa jiko la makaa kwenye korido. Kina mama mnajua hakuna anayechemsha githeri kwa gesi, na moshi wa makaa ni moshi pia, tena ule usionuka ndio unaoua watu waliolala. Siku hizi anachemsha paani.

Ndugu mmoja niliyemweleza alinihoji: mbona hukumshuhudia? Umepata nafasi, umekaa kwenye nyumba ya mtu, ukaondoka bila kumwambia Yesu anaokoa? Ni swali la haki. Jibu langu ni kwamba siku ile nilikwenda kuomba kitu nilichokihitaji. Kama ningechanganya, angejua, na angekuwa sahihi kujua, kwamba wokovu wake naufuata ili mapazia yangu yasinuke. Injili haikutolewa kufukuza moshi. Tumeongea mambo ya imani baadaye, siku nyingine, yeye akianzisha. Sitasema zaidi, ni mambo yake.

Najua pia wako kati yetu wanaovuta kwa siri, wanaotafuna peremende ya minti kabla ya kupanda ngazi za kanisa. Sikuandika haya kuwafukuza. Mkitaka msaada, NACADA wana namba ya bure, 1192, na mimi niko ofisini Jumanne baada ya ibada ya mchana, mlango ukifungwa umefungwa.

Na kwa yule dada wa kwaya: najua jirani wako anaweza kuwa si kama wangu. Wengine ukipiga hodi wanakutukana. Ukisema mara ya kwanza peke yako, na mara ya pili na mtu mwingine, kama Mathayo 18 inavyopanga, na bado, basi mwandikie mwenye nyumba barua, ikiwezekana na wapangaji wengine waweke sahihi. Paulo alikata rufani kwa Kaisari na imani yake haikupungua. Kuhama ni jibu pia, ila tusilitaje kirahisi. Kutoka Kangemi hadi Kinoo tu ni kodi mpya, amana mpya, na pikapu ya kubeba vitanda, na wengi wetu hatuna. Lakini anza na hodi. Usianze na keateka.

Sitaki mdhani kwetu kumekuwa mbinguni. Mtoto yuko afadhali, kliniki tumekwenda mara moja tu tangu wakati huo. Lakini mvua hizi zikinyesha usiku paa halikaliki, na mzee ni mtu wa umri. Jumanne nilisikia mlango wake ukifunguka, nyayo zikapanda mpaka kwetu, zikasimama, mvua ikazidi, zikashuka tena. Baada ya dakika chache harufu ikaingia bafuni. Nilifunga dirisha, nikaweka kitambaa kibichi chini ya mlango, nikabaki nimesimama pale kwenye giza.

Sijashuka bado kumwambia. Leo ni Alhamisi.